Somo la 8: Zawadi za Krismasi kwa Ukoo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Wakorintho 8:12–14, Mithali 22:7, Luka 2:22–24, Walawi 12:6–8, Marko 7:9–13, 1 Timotheo 5:4, 8, Luka 14:12–14, Mwanzo 33:8–11, Mithali 25:14.

Fungu la Kukariri: 2 Wakorintho 9:7. Kila mwanakundi alisome katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato ijayo.

Katika kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida, mwezi wa Desemba hubeba mambo mawili kwa pamoja. Mvua zimeanza, na mwenye shamba anatafuta mbegu ya alizeti na mtu wa kumlimia. Wakati huohuo ndugu walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wanakata tiketi za basi kurudi nyumbani, maduka yanapanga sukari na mafuta ya kula mlangoni, na simu zinaanza kuita: “Mwanangu, mwaka huu sikukuu tutaiona?” Siku chache baada ya hapo inaingia Januari. Ada katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Sare, viatu, begi na daftari bado ni vya mzazi.

Somo hili limewekwa Novemba kwa makusudi, maana Desemba 20 ni kuchelewa. Swali lake ni lini Mkristo aache kutoa zawadi za Krismasi kwa ukoo mzima, na akiacha, aache kwa njia gani. Mtu anaweza kuliona ni jambo dogo lisilostahili juma zima la lesoni. Mzee wa kanisa anayetembelea nyumba za washiriki mwezi Januari hatasema hivyo.

Mfano utakaofuatwa ni wa mume na mke wanaoishi Mandewa. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi, mke ni fundi cherehani. Familia hii imetungwa kwa ajili ya somo. Atakayeitambua ataitambua kwa sababu inafanana na yake.

JUMAPILI: Majina Katika Daftari

Soma 2 Wakorintho 8:12–14 na Mithali 22:7. Paulo anaweka kipimo gani cha kutoa, na anaweka mpaka gani?

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Krismasi ya kwanza ya ndoa yao, mume na mke hawa walipeleka zawadi katika nyumba tatu: kwa wazazi wa mume kule Ilongero, kwa mama mkwe wake, na kwa shangazi aliyemsomesha sekondari kwa fedha ya kuuza vitunguu. Ilikuwa sukari, mche wa sabuni, na kitenge kwa kila mama. Walikwenda kwa furaha wakarudi kwa furaha.

Mwaka uliofuata baba mdogo aliuliza kwa utani kama yeye siku hizi si baba. Akaandikwa. Mke akasema haiwezekani ndugu wa mume wapewe na dada zake waachwe. Wakaandikwa. Watoto wa marehemu kaka wakaongezwa, na hilo lilikuwa jambo jema. Kisha wakaongezwa watoto ambao baba zao wako hai na wana kazi, maana ilionekana vibaya mtoto mmoja avae nguo mpya ya sikukuu na mwenzake wa uani humohumo akose. Leo daftari lina kaya 12 na watoto 9. Hakuna jina lililowahi kutoka humo isipokuwa kwa msiba.

Tuseme kifurushi cha kila kaya, yaani mchele, sukari, mafuta na sabuni, kinagharimu shilingi 30,000. Kaya 12 ni 360,000. Nguo za watoto 9 kwa shilingi 15,000 kila mmoja ni 135,000. Ongeza nauli na bodaboda za kuvisambaza, 55,000. Jumla ni shilingi 550,000. Nyumbani zipo 150,000. Zilizobaki, 400,000, mke anazikopa kwenye kikundi chake kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, akishukuru kwamba angalau si ile mikopo ya mtaani inayoitwa “kausha damu”. Deni linarudishwa mwisho wa Machi. Riba peke yake imefika 120,000, ambayo ni vifurushi vinne ambavyo hakuna ndugu aliyevila. Ekari mbili za alizeti hazikupandwa kwa wakati, kwa kuwa fedha ya mbegu nayo iliingia katika zile 150,000.

Sasa rudi kwa Paulo. Alikuwa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, kazi takatifu kuliko sukari ya sikukuu. Hata hivyo kipimo alichoweka ni kile kilichomo mkononi mwa mtoaji. Kilichomo mkononi mwa kikundi cha mikopo hakikuhesabiwa. Tena anaeleza wazi katika mstari wa 13 kwamba hakutaka Wakorintho walemewe ili wengine wastarehe. Mithali inamtaja mkopaji kuwa mtumwa wa aliyemkopesha, na mtumwa hawezi kuwa mkarimu kwa mali ya bwana wake.

Ndugu hupenda kukumbusha kwamba kutoa ni moyo si utajiri. Methali hiyo ni ya kweli, ila inageuzwa. Maana yake ni kwamba mwenye kidogo asione aibu kutoa kidogo. Haikusema kwamba mwenye kidogo atoe kama tajiri ili ijulikane ana moyo.

Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba wakati wa kuacha umefika: zawadi inapotoka katika deni, au katika fedha iliyokuwa ya mbegu, ya matibabu, ya sare za watoto, au ya Bwana. Nyumba inayorudisha zaka pungufu mwezi Desemba ili vifurushi vitimie imempa jamaa kitu ambacho hakikuwa chake.

JUMATATU: Makinda Mawili ya Njiwa

Soma Luka 2:22–24 pamoja na Walawi 12:6–8. Yusufu na Mariamu walitoa nini hekaluni, na sheria inaonyesha kwamba walikuwa watu wa hali gani?

Sheria ilimtaka mama aliyejifungua alete mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja. Asipoweza kumpata mwana-kondoo, alete ndege wawili. Luka anataja ndege tu. Hiki ndicho kitu cha kwanza kilichotolewa na familia ile kwa sababu ya kuzaliwa kwa Yesu, na kilikuwa kile ambacho sheria iliwawekea maskini. Walipanda nacho hekaluni mbele ya watu, mahali ambapo kila aliyesimama pale alijua maana yake. Hakuna neno katika Injili kwamba waliona haya, wala kwamba Yusufu alitafuta wa kumkopesha mwana-kondoo ili ukoo wa Daudi usionekane umefulia.

Mamajusi walikuja na dhahabu, uvumba na manemane (Mathayo 2:11), na watu wengi huegemea hapo wanapotetea zawadi za Krismasi. Waachwe waegemee, ila wasome vizuri. Zawadi zile zilipelekwa kwa mtoto mwenyewe. Mamajusi hawakubadilishana dhahabu wao kwa wao.

Kuhusu siku yenyewe, Biblia haitaji tarehe. Maandishi ya kale yanayoonyesha Desemba 25 ikihesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa Kristo ni kalenda ya Rumi ya mwaka 354, zaidi ya miaka mia tatu baada ya tukio. Ellen White alilijua jambo hili. Alipoandika juu ya Krismasi katika gazeti la Review and Herald, Desemba 1884, alikiri kwamba siku haijulikani, lakini hakuwaambia wazazi wajifanye hawaioni. Alishauri itumiwe kwa kusudi jema, na alilalamika kwamba watu wanapeana vitu wasivyovihitaji huku kazi ya Mungu ikikosa fedha. Yeye mwenyewe aliwaambia jamaa na marafiki zake kwamba hataki zawadi ya Krismasi wala ya siku ya kuzaliwa, labda wamruhusu aipeleke katika hazina ya Bwana.

Biblia nayo haichukii zawadi za sikukuu. Nehemia 8:10 na Esta 9:22 zinazungumzia watu waliopelekeana vyakula siku ya furaha. Tazama tu ni nani hasa anayekumbukwa katika mafungu hayo mawili: asiyeandaliwa kitu, na maskini.

JUMANNE: Korbani

Soma Marko 7:9–13. Watu hawa walitumia jambo gani takatifu ili kukwepa jambo gani?

Hapa pana hatari ambayo Mwadventista anaikaribia kuliko jirani yake. Tangu wamisionari wa kwanza wa Kiadventista walipofika Upare mwaka 1903, mshiriki wa kanisa hili amekuwa akiishi katika ukoo wenye imani nyingine. Singida ni hivyohivyo: Mlutheri, Mkatoliki, Mpentekoste na Mwislamu wanakula chungu kimoja. Kwa hiyo, mzigo unapozidi, lipo jibu jepesi lililo tayari: “Sisi Wasabato hatusherehekei Krismasi.”

Jibu hilo linaweza kuwa la kweli. Mtu ambaye hajawahi kuisherehekea, hali pilau ya jirani siku hiyo na kuomba ya kufungashiwa, wala hapokei kifurushi kutoka kwa shemeji, anaweza kulisema kwa dhamiri safi (Warumi 14:5, 6). Lakini lipo kundi jingine linalokumbuka fundisho la tarehe pale tu linapotakiwa kutoa. Huko ndiko Yesu alikokuita Korbani. Mtu alitamka kwamba mali yake ni wakfu kwa Mungu, na kwa tamko hilo moja baba na mama wakawa hawana haki tena ya kusaidiwa nayo. Alitumia jina la Mungu kama kufuli.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kufuta jina lolote katika daftari, ni lazima kutenganisha vitu viwili ambavyo Desemba huvifunga katika karatasi moja. Kuna zawadi, na kuna matunzo. Zawadi mtu anaweza kuiacha. Matunzo ya wazazi na ya wajane wa nyumbani mwake hawezi kuyaacha, maana Paulo anamwita anayeyaacha kuwa mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:4, 8). Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake (Yohana 19:26, 27). Alikuwa akitoa uhai wake kwa ajili ya ulimwengu wote na bado hakumsahau mjane mmoja.

Mume na mke wa Mandewa walipokaa na daftari, walijiuliza swali moja kwa kila jina: kifurushi hiki kisipofika, kuna mtu atalala njaa au atakosa dawa? Kwa majina mengi jibu lilikuwa hapana. Kwa mama yake mume, ambaye baba alifariki mwaka juzi akamwacha peke yake, jibu lilikuwa gumu zaidi. Kwake kilo tano za mchele hazina maana kubwa Desemba 25, siku ambayo kila mjukuu anakuja na zake na sufuria hazitoshi. Anazihitaji Februari, mazao mapya bado yako shambani na ghala limebaki na vumbi. Mwezi huo hakuna mtoto anayepiga simu, kwa kuwa wote wanalipa madeni ya Desemba.

Basi jina la mama halikufutwa, lilihamishwa. Liliondolewa katika ukurasa wa sikukuu na kuandikwa katika matumizi ya kila mwezi, pamoja na umeme na maji. Ni fedha ndogo kuliko alivyozoea kupokea Krismasi, inayotumwa kwa simu kila mwisho wa mwezi mshahara ukitoka. Watoto wa marehemu kaka nao walihamishwa: badala ya nguo ya sikukuu, sare na daftari wiki ya kwanza ya Januari.

Je, katika ukoo wako ni nani anayepokea “zawadi” ambayo kwa kweli ni matunzo yaliyocheleweshwa miezi kumi na mmoja?

JUMATANO: Kuku wa Shangazi

Soma Luka 14:12–14. Yesu anawataja akina nani wasialikwe, na anatoa sababu gani?

Fungu hili linashangaza. Wa kwanza kutajwa ni marafiki, wanafuata ndugu, kisha jamaa, na mwisho jirani matajiri. Yesu hakuwa adui wa meza ya familia. Alikwenda arusini Kana na alikula Bethania. Sababu aliyoitoa ni malipo: hao watakualika na wewe, na hesabu itafungwa hapohapo.

Wahubiri wengi huishia kwa mtoaji, kwamba anapoteza thawabu yake mbinguni. Ipo pia hasara ya mpokeaji, na haisemwi sana. Mwaka huu mume na mke walikwenda kwa shangazi mapema, Novemba, wala haikuwa sikukuu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, wanangu. Leo si Krismasi. Kuna msiba?”

“Hakuna msiba, shangazi. Tumekuja kuongea na wewe.”

Akawapa vigoda. Mume akaeleza yote bila kuficha: mkopo, riba, shamba ambalo halikupandwa mwaka jana. Akasema Krismasi hii kifurushi hakitakuja. Shangazi alikaa kimya muda mrefu akiwaangalia kuku waliokuwa wakichakura chini ya mti.

“Kwa hiyo na nyie wenyewe hamtakuja tena?”

“Tutakuja, shangazi. Tutakuja ila bila mzigo.”

“Mkija bila mzigo, na mimi sichinji.” Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. “Mwanangu, yule jogoo na ile tetea pale siwauzi tangu Oktoba. Wanakuja watu wa kuku kutoka mjini, nawaambia hao ni wa mwalimu. Sabuni nakopa dukani.”

Mama huyu alikuwa anakopa sabuni dukani ili asimuuze kuku atakayemlipa mtu anayemletea sabuni. Miaka yote mpwa wake alidhani anamsaidia. Naye kwa heshima yake hangeweza kupokea mchele na sukari kisha amwache mgeni aondoke bila kitoweo na bila kuku wa kufungwa miguu kwenye bodaboda. Kwa desturi njema za watu wa Singida, mgeni haondoki mikono mitupu. Ndivyo zawadi ilivyomtoza mjane gharama ambayo mtoaji hakuwahi kuiona.

Katika mazungumzo hayo lipo jambo la pili. Swali la kwanza la shangazi halikuhusu sukari, lilihusu wao kuja. Walipofika siku isiyo sikukuu alidhani kuna mtu amekufa, na hilo linasema mengi kuhusu ziara za mwaka mzima. Mara nyingi kifurushi ndicho kimekuwa tiketi ya kuonana, na ndiyo sababu kukiondoa kunaogopesha pande zote mbili. Anayeacha kutoa zawadi na akaacha pia kwenda hajaacha zawadi peke yake.

Kwa upande wa wenye uwezo mambo ni mepesi zaidi. Mdogo wa mume ana duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Kila mwaka wanatumiana: yeye anapelekewa asali na kuku wa kienyeji kwa basi, naye anatuma mashati. Soma Mwanzo 33:8–11. Yakobo aliandaa makundi ya wanyama ili kumlainisha kaka yake, na Esau akamjibu kwa ukarimu kwamba anavyo vya kutosha, ndugu yake abaki na vyake. Ni kweli Yakobo alimsihi na Esau akapokea. Lakini neno lile la Esau lilimfungua Yakobo kabla zawadi haijapokewa. Ndugu wenye uwezo wanaotumiana vitu vilevile kila mwaka wanaweza kuambiana neno hilo kwa simu ya dakika tano. Hawa ndio wa kuanza nao.

ALHAMISI: Mawingu Bila Mvua

Soma Mithali 25:14.

Mtu wa Singida hahitaji kufafanuliwa fungu hili. Amewahi kusimama shambani Desemba akiangalia wingu jeusi likipita kwenda kwa wengine.

Kosa la wengi wanaoacha ni kuacha bila kusema. Simu inazimwa tarehe 23. Ujumbe unatumwa kwamba “mambo yakikaa sawa mtaniona”, na huku mtumaji anajua hayatakaa sawa. Bibi anaacha kununua sukari yake kwa kuwa anangoja ya mjukuu. Ahadi isiyotimizwa inamwacha mtu vibaya kuliko kukataliwa, maana aliyekataliwa mapema hujipanga. Yesu alitaka ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo (Mathayo 5:37), na siyo ya Novemba ina adabu kuliko siyo ya mkesha wa Krismasi.

Wazee waambiwe ana kwa ana. Kundi la ukoo la WhatsApp linafaa kwa kupanga usafiri, si kwa kumwambia baba mkubwa kwamba ameondolewa katika orodha. Na mume na mke wakubaliane kwanza chumbani mwao. Katika mfano huu, majina matatu ya kwanza ambayo mume alipendekeza yafutwe yalikuwa ya dada za mke. Daftari lilifungwa kwa siku nne. Lilipofunguliwa tena, kanuni ilikuwa kwamba kila mmoja aanze kufuta upande wa kwao, na kwamba kila mmoja aende mwenyewe kuwaambia wa kwao. Kanuni hiyo inafaa kuigwa. Mkwe anapotumwa kupeleka habari ya kunyimwa, yeye ndiye atakayeitwa mchoyo miaka ishirini.

Si kila ziara iliisha kwa kicheko. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Dini yenu imewafundisha kunyima,” akaingia ndani. Mume hakujibu. Alikuwa na fungu la Biblia mdomoni na alifanya vyema kulimeza. Pengine mjomba ana sehemu ya haki, kwa kuwa kuna mwaka kijana huyu alilala kwake majuma sita akiwa mgonjwa na hakuna aliyehesabu chakula. Deni la wema haliishi kwa sababu kifurushi kimeisha. Linalipwa mjomba anapougua, anapofiwa, nyumba yake inapoezuliwa na upepo, nalo halina tarehe katika kalenda.

Watoto nao waelezwe. Mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa kwamba nguo ya sikukuu haitakuwepo na kwamba Januari atakwenda shuleni na begi lisilotoboka. Akiachwa agundue mwenyewe, atakachoelewa ni kwamba baba yake hana fedha na anaficha.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Ruthu 2:17, 18, uone zawadi isiyo ya sikukuu aliyopelekewa mama mkwe, na ilitoka wapi. Soma pia 2 Wakorintho 12:14, ambapo Paulo anazungumzia wazazi na watoto katika kuweka akiba, ulinganishe na 1 Timotheo 5:4. Mafungu haya mawili yanaonekana kuvutana. Kundi lisiharakishe kuyapatanisha kabla ya kusoma yote mawili kwa sauti.

Maswali ya Kujadili:

1. Kila mmoja aandike nyumbani majina ya wote anaowapa kitu mwezi Desemba, asilete orodha hiyo kanisani. Katika kundi ajibu hili tu: ni majina mangapi aliyaandika kwa upendo, na mangapi kwa kuogopa kusemwa?

2. Mshiriki anasema, “Mwaka huu sitampa ndugu yeyote, fedha yote naipeleka kwenye ujenzi wa kanisa.” Mama yake ni mjane na anaishi kwa kuuza mboga. Mzee wa kanisa aipokee sadaka hiyo? Kiongozi wa kundi awape nafasi wanaosema ndiyo na wanaosema hapana.

3. Idara ya Dorkasi hugawa nguo na vyakula mwishoni mwa mwaka. Fikirini ingekuwaje kama ugawaji huo ungehamishiwa Februari. Nani angenufaika, na nani angelalamika?

4. Mjomba wa somo la Alhamisi bado hajazungumza na mpwa wake, na Krismasi imebaki juma tano. Je, apelekewe kifurushi chake kama zamani ili amani irudi, au atembelewe bila kitu? Someni Warumi 12:18 kabla ya kujibu, na mwenye mjomba wa namna hiyo azungumze kwanza.